Maisha ya Wilbur Wright, Fundi wa Baskeli Aliyeruka

Kila mwanafunzi amepata kusikia kwamba ndugu wawili wa Marekani, jina lao Wright, ndio waliokuwa wa kwanza kuruka kwa eropleni yenye injini. Lakini wengi hudhani kwamba waliunda chombo, wakakipanda, kikaruka. Sivyo. Chombo chao cha kwanza kilikuwa kidogo, mtu hakuweza kukipanda, na vile vilivyofuata vilikuwa na kasoro moja juu ya nyingine. Nimechagua kueleza habari za mkubwa wao, Wilbur, kwa sababu siku hizi wako vijana, hata hapa milimani kwetu Upare, wanaotamani kuunda ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, na mambo yanayowashinda siku ya kwanza ni yale yale yaliyomshinda yeye. Kuna ndege inayoinua pua na kuanguka kama jiwe, na kuna inayogeukia kushoto unapoiamuru kwenda kulia. Hayo yote aliyaona.

Wilbur alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1867, karibu na kijiji cha Millville katika jimbo la Indiana. Mdogo wake Orville alizaliwa Dayton, katika jimbo la Ohio, mwaka wa 1871. Baba yao, Milton, alikuwa mchungaji na baadaye askofu, kwa hiyo jamaa ile ilihamahama mara kwa mara, kama wanavyojua watoto wa wachungaji na wa walimu popote pale. Nyumbani mwao vitabu vilikuwa vingi, na watoto waliruhusiwa kuuliza jambo lo lote. Walakini ustadi wa mikono waliupata kwa mama. Susan Wright alikuwa binti wa fundi wa magari ya farasi, na tangu utoto alikuwa amezoea vyombo vya karakana ya baba yake. Chombo cha nyumbani kikivunjika yeye ndiye aliyekitengeneza, na watoto wakitaka kuunda kitu walimwendea yeye.

Mwaka wa 1878 Askofu Milton alirudi safarini na kitu kidogo amekificha mikononi, akakirusha kuelekea kwa wanawe. Badala ya kuanguka, kikapanda mpaka kikagusa dari. Kilikuwa mchezo wa watoto uliobuniwa na Mfaransa Alphonse Pénaud: vijiti vya mwanzi, karatasi, gome jepesi la vizibo, na mpira uliosokotwa kuzungusha mapanga yake. Wilbur alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kilipoharibika, ndugu hawa wakaunda vingine, kila kimoja kikubwa kuliko kile cha kabla yake; na kadiri walivyokuza ndivyo vilivyokataa kuruka. Hawakujua sababu wakati ule. Mwanafunzi wa hesabu aweza kuitafuta: ukikuza kitu mara mbili kila upande, eneo la mabawa yake huwa mara nne, lakini uzito wake huwa mara nane. Mtu anayechukua ndege ndogo inayoruka vizuri, akaiiga kwa ukubwa maradufu, ajiandae kwa hilo.

Wilbur alikuwa mwanafunzi hodari, na jamaa walifikiri kumpeleka katika chuo kikuu cha Yale. Hata katika baridi ya mwaka wa 1885 kwenda 1886, akicheza mpira wa magongo juu ya barafu, akapigwa gongo usoni, akapoteza meno ya mbele. Jeraha lilipona, lakini moyo ulinyong'onyea. Alijifungia nyumbani karibu miaka mitatu, akisoma vitabu vya baba yake na kumwuguza mama, ambaye alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa akimbeba kila siku kumpandisha na kumshusha ngazi. Mama alifariki tarehe 4 Julai, 1889. Habari za chuo zikaishia hapo. Wala Wilbur wala Orville hakupata hata cheti cha kumaliza shule ya sekondari.

Baada ya hapo alijiunga na Orville katika kazi ya kupiga chapa, kwa mashine waliyoiunda wenyewe. Miongoni mwa waliochapiwa kazi zao alikuwako kijana mweusi aliyesoma darasa moja na Orville, Paul Laurence Dunbar, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, ambaye baadaye alikuwa mshairi mashuhuri sana. Mwaka wa 1892 wakafungua duka la baskeli, na kutoka 1896 wakaunda baskeli zao wenyewe. Nataka msomaji aikumbuke hii kazi ya baskeli. Baskeli haisimami yenyewe. Mpandaji ndiye anayeishika isianguke, kwa kugeuza usukani na kuinamisha mwili kila dakika. Wavumbuzi wengi wa wakati ule walitafuta eropleni itakayotulia yenyewe hewani kama mashua majini. Wilbur alikuwa fundi wa baskeli, naye akaona kwamba kazi ya kwanza ni kumpa mrushaji uwezo wa kuitawala.

Katika mwezi wa Agosti 1896 Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa ameruka mara elfu mbili hivi kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka akafa. Alikuwa akiongoza ndege yake kwa kutupa miguu na mwili huku na huku. Upepo ulimwinua pua, ndege ikakosa mwendo, ikaanguka. Habari hiyo ilimwingia Wilbur. Tarehe 30 Mei, 1899, akaandika barua kwa taasisi ya Smithsonian ya Washington kuomba vitabu vyote vinavyohusu kuruka, akapelekewa, akavisoma.

Alikuwa akitazama ndege wa angani vile vile. Hapa kwetu si kazi ngumu. Upepo unapopanda kutoka tambarare ya Same na kupiga ubavu wa milima, mwewe hukaa hewani muda mrefu bila kupiga bawa. Ukimtazama vizuri utaona kwamba hujisawazisha kwa kupinda ncha za mabawa, moja ikiinama na nyingine ikiinuka. Wilbur aliliona hilo, lakini hakujua jinsi ya kuipinda mbao bila kuivunja. Siku moja dukani, akizungumza na mnunuzi aliyekuja kutafuta mpira wa ndani wa baskeli, alikuwa ameshika boksi la karatasi lililokuwa na mpira ule, akawa analisokota bila kufikiri. Upande mmoja ukainama, wa pili ukainuka, na boksi halikupasuka. Usiku ule alimweleza Orville.

Katika Julai 1899 akaunda tiara yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, upana wake futi 5 tu. Akafunga kamba nne katika pembe zake, na kamba hizo akazileta katika vijiti viwili, kimoja mkono wa kuume na kimoja mkono wa kushoto. Akisimama chini, kwa kuinamisha vijiti aliweza kupinda mabawa na kuigeuza tiara alivyotaka. Fikirini kidogo: mtu yuko chini, ndege iko juu, mikononi ana vijiti viwili. Hivyo ndivyo anavyosimama kijana wa leo na redio yake. Tofauti ni kwamba amri za Wilbur zilipita katika kamba. Na si kwamba redio ilikuwa haijaanza kutumika kwa kazi hiyo, maana mwaka uliotangulia, 1898, Nikola Tesla alikuwa ameongoza mashua ndogo bila waya mbele ya watu huko New York. Tiara ya Wilbur ilitii vizuri, ingawa safari moja ilishuka kwa ghafula hata watoto waliokuwa wakitazama wakajitupa kifudifudi.

Mwaka wa 1900 ndugu hawa walikwenda Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, mahali penye upepo mwingi na mchanga laini wa kuangukia. Kuchagua mahali ni nusu ya kazi. Anayerushia ndege yake ya kwanza katika uwanja wenye miti na mapaa ya mabati hataihitaji redio muda mrefu. Ndege yao ya mwaka ule waliirusha zaidi kama tiara, kwa kamba, bila mtu. Walipoondoka waliiacha, na mke wa mwenyeji wao akakata kile kitambaa cheupe cha mabawa akawashonea binti zake magauni.

Mwaka uliofuata ndio uliokuwa mgumu. Ndege ya 1901 ilikuwa kubwa, upana futi 22, na mabawa yake yalikuwa yamebinuka sana, kama vitabu vilivyoelekeza. Siku ya kwanza Wilbur alilala juu yake, wasaidizi wakaisukuma, nayo ikachomeka pua mchangani papo hapo. Akajisogeza nyuma kidogo. Ikachomeka tena. Akajisogeza tena, na tena, mpaka karibu futi nzima nyuma ya pale alipokadiria. Hapo ikaruka, lakini ghafula pua ikainuka, mwendo ukaisha, ndege ikasimama hewani: hali ile ile iliyomwua Lilienthal. Kilichomwokoa ni kibawa kidogo alichokiweka mbele cha kupandishia na kushushia pua. Ndege ilishuka chini bapa, mtu hakuumia.

Hapa ndipo ningependa mwenye ndege ndogo asome mara mbili. Ndege yenye uzito uliokaa nyuma mno huinua pua na haitawaliki. Yenye uzito uliokaa mbele mno huchomeka. Kwa ndege nyingi za kujifunzia, ukiishika kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kiasi cha robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, yapasa ilale sawa au pua iiname kidogo. Isipokuwa hivyo, usiguse redio, sogeza betri. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Wilbur lakini aliendelea kuuliza kwa nini ilimbidi asogee mbali kiasi kile. Wakaipandisha ndege kama tiara, wakajaribu bawa moja peke yake, wakagundua kwamba ubinuko mkubwa ndio uliohamisha mahali ambapo nguvu ya hewa hubeba. Wakapunguza ubinuko kwa vijiti na nyaya, na ndege ikatulia. Walakini kasoro nyingine mbili zilibaki. Ndege ilibeba kiasi cha theluthi tu ya uzito uliotajwa katika hesabu. Tena, walipopinda mabawa ili kugeuka, bawa lililoinuka lilibuguziwa na upepo, likabaki nyuma, na pua ikageukia upande usiotakiwa. Walirudi nyumbani wamevunjika moyo, na Wilbur aliamini kwamba watu wa kizazi chake hawataruka.

Wengi wangeacha. Wilbur alishuku kitabu. Namba iliyotumiwa kukadiria nguvu ya hewa ilikuwa imepokewa tangu karne ya 18, na wataalamu waliirithishana bila kuipima upya. Kwanza walifunga gurudumu la ziada limelala juu ya usukani wa baskeli, wakatia vipande vya bati juu yake, wakapiga pedali kwa nguvu barabarani ili wapate upepo. Matokeo yakawaonyesha kwamba hesabu haziaminiki. Basi wakatengeneza sanduku la mbao, urefu futi 6 na upana inchi 16, na feni upande mmoja. Ndani yake waliweka mizani iliyoundwa kwa vipande vya misumeno ya chuma na spoki za baskeli, na kabla mwaka 1901 haujaisha walikuwa wamepima mabawa madogo ya namna kiasi cha 200. Namba ya zamani ilikuwa kubwa mno: badala ya 0.005, walipata karibu 0.0033. Kwa maoni yangu miezi ile miwili mitatu mbele ya sanduku ina heshima kubwa kuliko siku yenyewe ya kuruka, ingawa hakuna aliyepiga picha wala kushangilia.

Ndege ya 1902, upana futi 32, ilibeba kama hesabu mpya zilivyosema. Waliitia mkia wa kusimama ili kuzuia ule ugeukaji mbaya. Mara nyingi ulisaidia, lakini mara nyingine ndege ilizunguka kwa upande wa chini na kuchimba mchanga. Usiku mmoja Orville, aliyekosa usingizi, alifikiri kwamba mkia usikazwe, bali ugeuke kama usukani. Asubuhi alimweleza kaka yake, akitazamia kupingwa. Wilbur alinyamaza kidogo, kisha akasema mkia na upindaji wa mabawa viunganishwe pamoja vifanye kazi kwa tendo moja. Hapo ndipo tatizo lilipokwisha: kupanda na kushuka, kuinama ubavu, na kugeuka, yote matatu yakawa chini ya mamlaka ya mrushaji. Vijiti vya redio za leo vinaamuru mambo hayo hayo matatu, pamoja na nguvu ya mota. Na ndege ndogo ikigeuza pua kusiko unapoinamisha bawa, mpe usukani wa mkia upande ule ule, itafuata.

Injini ya 1903 iliundwa na fundi wa duka lao, Charles Taylor, kwa muda wa majuma sita, nguvu yake farasi 12. Rafadha mbili walizichonga wenyewe, kwa kuzihesabu kama mabawa yanayozunguka, nazo ziliendeshwa kwa minyororo ya namna ya baskeli na kuzunguka kila moja upande wake, ili nguvu ya moja isiipindue ndege. Mihimili ya rafadha ilipasuka mara mbili. Safari ya pili Orville alipanda treni mpaka Dayton kutengeneza mingine ya chuma imara. Tarehe 14 Desemba walirusha sarafu, Wilbur akapata zamu ya kwanza. Akainua pua kwa pupa mno. Sekunde tatu na nusu, ndege ikakosa mwendo, ikaanguka, ikavunjika sehemu ya mbele. Naye alikuwa ameshaziruka ndege zisizo na injini mamia ya mara! Kijana ambaye amevuta kijiti kwa hofu mara tu ndege ilipotoka mkononi ana mwenzake mkubwa.

Walitengeneza siku mbili. Tarehe 17 Desemba, 1903, zamu ilikuwa ya Orville: futi 120, sekunde 12. Waliruka mara nne siku ile, wakipokezana, daima kuelekea upepo unakotoka. Mara ya nne Wilbur alikwenda futi 852 kwa sekunde 59. Baadaye dhoruba ikaibiringisha ndege pale ilipowekwa, nayo haikuruka tena.

Miaka miwili iliyofuata waliendelea katika malisho ya ng'ombe nje ya Dayton, karibu bila kutazamwa na mtu. Ndege ya 1904 iliruka kwa kupanda na kushuka kama mawimbi. Walihamisha uzito nyuma, ikawa mbaya zaidi. Wakaurudisha mbele, na mwisho wakafunga ratili 70 za chuma karibu na kibawa cha mbele. Mwaka wa 1905 Orville alianguka vibaya, wakakikuza kibawa hicho na kukisogeza mbele zaidi. Tarehe 5 Oktoba mwaka ule Wilbur alizunguka juu ya malisho yale kwa dakika 39, maili 24. Kumbe eropleni ya kweli imepatikana, na magazeti mengi hayakuwa na habari.

Ulimwengu uliamini mwaka wa 1908, Wilbur aliporuka mbele ya watu karibu na Le Mans, Ufaransa. Kabla ya hapo alikuta masanduku yake yamevurugwa njiani, mabawa yamepasuka, akashona na kutengeneza kwa majuma mengi. Tena bomba la maji ya injini likafyatuka likamwunguza mkono. Watazamaji walipomharakisha hakuharakika. Alikagua kila waya kwanza. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Septemba, rafadha ya ndege ya Orville ilipasuka hewani huko Marekani, ikakata waya wa usukani. Orville alivunjika mguu na mbavu, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafa. Huyo ndiye mtu wa kwanza kufa katika eropleni yenye injini. Ufa mdogo ulitosha. Rafadha ya plastiki iliyopasuka kidogo katika ndege ya mchezo yaweza kung'oa jicho. Usiigundishe kwa gundi, itupe.

Miaka yake ya mwisho Wilbur aliimaliza mahakamani akitetea hati ya uvumbuzi wao, kazi iliyomchosha kuliko kuruka, na ambayo nadhani ilimpotezea muda ambao angeutumia karakanani. Wala hakuoa. Baba yao alikuwa amewataka wasipande ndege moja pamoja, ili mmoja akifa mwingine aendelee. Aliwapa ruhusa mara moja tu, tarehe 25 Mei, 1910, na siku hiyo yeye mwenyewe, mzee wa miaka 81, aliruka na Orville. Tarehe 30 Mei, 1912, Wilbur alifariki nyumbani Dayton kwa homa ya matumbo, umri miaka 45. Orville aliishi mpaka Januari 1948. Alikuwa hai mwaka wa 1930, Mswisi Walter Mittelholzer aliporuka juu ya Kilimanjaro, mlima ambao hapa Upare twauona siku ya anga safi.

Kipande cha kitambaa cha ndege ile ya 1903, kidogo kiasi cha ukucha, kilifungwa katika helikopta ndogo iitwayo Ingenuity iliyopelekwa kwenye sayari ya Mirihi. Ilikuwa na mapanga mawili, moja juu ya jingine, haikubeba mtu, na maagizo yake yalitoka duniani kwa redio. Iliruka mara ya kwanza tarehe 19 Aprili, 2021, kimo cha mita 3, sekunde 39. Na iliruka mara 72 mpaka Januari 2024, mapanga yake yalipovunjika katika kutua.